Lugha Isiyosikika: Filamu za Ulaya juu ya Afrika ya Mashariki Zitazamwapo Nyeri

Uhakiki wa filamu katika Kiswahili haujapata kukua kwa kadiri ile uliyokua uhakiki wa riwaya, tamthilia na ushairi. Sababu iliyokuwa ikitolewa zamani, nayo ilikuwa ya haki, ni kwamba mhakiki hakuwa na matini. Kitabu huazimwa, hurudiwa, hupigwa mistari. Filamu ilionyeshwa siku mbili tatu katika jumba la mjini, kisha ukanda ukarudishwa ulikotoka, na aliyetaka kuitaja baadaye alitegemea kumbukumbu yake au magazeti ya watu wengine. Mwalimu wa lugha aliyekaa Nyeri, Karatina, Nanyuki au Embu alizisoma habari za filamu za De Sica, Bergman na Pasolini kama mtu asomaye habari za karamu ambayo hakualikwa.

Hali hiyo imegeuka. Nyaya za mawasiliano zilizofika pwani ya Mombasa kwa njia ya bahari mwaka 2009, pamoja na kuenea kwa simu za mkononi zenye kuonyesha picha, zimelileta jumba la sinema hadi mfukoni mwa mwanafunzi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Karatina anaweza kuitazama Ladri di biciclette ya mwaka 1948 akiwa chumbani mwake, akaisimamisha, akairudisha nyuma, na kuitazama tena. Kwa mara ya kwanza filamu imekuwa matini. Swali linalozuka ni hili: je, matini hiyo imehifadhiwa yote, au imehifadhiwa picha yake tu?

Makala haya yanashikilia kwamba katika filamu za Ulaya zilizopigwa Afrika ya Mashariki au zilizoihusu, kilichohifadhiwa vizuri ni kile kionekanacho. Kile kisemwacho kwa Kiswahili, kwa Kigĩkũyũ, kwa Kigogo na kwa lugha nyingine za wenyeji kimeachwa kama kelele za nyuma ya picha. Aidha, yanashikilia kwamba upungufu huo hauwezi kuondolewa na watunza hifadhi wa London, Bologna au Paris, hata wakiwa na nia njema namna gani. Ni kazi ya idara za lugha za huku, na muda wa kuifanya si mrefu.

Ukanda na sauti yake

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba filamu ni kitu kinachooza. Kanda za awali, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kisichozimika kwa maji. Kanda za asetati zilizofuata haziwaki vile, lakini huchacha. Hutoa harufu ya siki, zikajikunja, zikafa. Ndiyo maana watu kama Henri Langlois, mmoja wa waanzilishi wa hifadhi ya filamu ya Paris mwaka 1936, walitumia maisha yao kuokota kanda ambazo wenyewe walikuwa wamezitupa. Kazi ya kuzihamishia katika hali ya kidijiti na kuziweka katika intaneti ni mtoto wa juhudi hizo za kale.

Mwaka 2010 vyuo na taasisi kadhaa za Uingereza vilifungua katika intaneti orodha ya filamu za makoloni, yenye maelezo ya filamu zaidi ya 6,000, na kati ya hizo zaidi ya 150 zikaweza kutazamwa hapo hapo. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka katika YouTube filamu zake za habari zipatazo 85,000. Mwaka 2020 Cinémathèque française, hifadhi ile ile ya Langlois, ilifungua jukwaa lake la bure liitwalo HENRI. Milango yote haikufunguliwa sawasawa, bila shaka. Huduma ya BFI Player, iliyoanzishwa mwaka 2013, imekusudiwa hasa watazamaji walio Uingereza, kiasi kwamba picha ya mlima inaweza kufunguka London na kukataa kufunguka chini ya mlima wenyewe. Lakini dosari hiyo ni ya mikataba na hakimiliki, na mikataba hubadilika. Iko dosari nyingine ya ndani zaidi.

Mfano wake wa mapema ni ule mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika ulioendeshwa Vugiri, katika milima ya Usambara, tangu 1935 hadi 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie. Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Filamu hizo zilikuwa na maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine, lakini maelezo hayo hayakuwa ndani ya ukanda. Yalikuwa katika santuri, mbali na picha. Kwa hiyo tangu mwanzo picha na lugha ya wenyeji vilikuwa vitu viwili, vilivyoweza kutengana wakati wowote. Leo filamu za Vugiri zilizobaki ni chache sana, na azitazamaye yafaa ajiulize kwanza anasikia nini. Baadaye, magari ya sinema ya serikali yalipozunguka vijijini, aliyetafsiri alisimama kando ya gari na kipaza sauti. Alichosema hakikuandikwa popote. Huenda mtu huyo alikuwa mfasiri hodari kuliko wote waliopata kufanya kazi hiyo katika Mkoa wa Kati, na huenda alikuwa akisema mambo yake mwenyewe. Yote mawili yamekwenda na upepo wa jioni ile.

Utengano huo umeingia hadi katika orodha za hifadhi. Mtafutaji anayeandika Murang'a hana budi kujua kwamba mji huo uliitwa Fort Hall, na anayetaka Nyahururu aandike Thomson's Falls. Anayetafuta habari za vita vya msituni lazima atumie neno Mau Mau, jina ambalo wapiganaji wenyewe hawakujiita. Akiandika wĩyathi, yaani uhuru, neno lililokuwa moyo wa madai yao, hapati kitu, hata akikumbuka kuweka alama juu ya herufi. Si ajabu kwamba maelezo ya mwaka 1953 yameandikwa kwa maneno ya mwaka 1953. Hayo ni ushahidi, na ingekuwa kosa kuyafuta. Kosa ni kuyaacha yawe mlango pekee.

Kuku aliyeonekana

Kutosikiwa kwa wenyeji kulijengewa nadharia. William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni tangu kilipoanzishwa mwaka 1939 (kitengo hicho kilivunjwa mwaka 1955), alifundisha kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida. Alitaka picha ziende polepole, tendo moja liishe kabla ya jingine, na hila za kamera ziepukwe. Nadharia hiyo ilidumu kuliko kitengo chenyewe, na kisa kilichoipa umaarufu ni kile alichokieleza John Wilson, ambacho Marshall McLuhan alikitia katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya dakika chache juu ya usafi na maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba katika filamu yao mna kuku. Ilibidi waupitie ukanda picha kwa picha, na kweli, kwa muda mfupi sana, kuku alipita pembeni.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kuthibitisha kwamba watazamaji wale hawakujua kutazama. Mtu akikisoma bila haraka ataona kwamba kinathibitisha kinyume chake. Waliokuwa hawajaiona filamu ni wale walioitengeneza. Wanakijiji walikiona kilichokuwamo. Waliyemwona ni kiumbe anayejulikana, mwenye mwenyewe, anayekimbia kwa sababu fulani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao walimwona mgeni huyo ijapokuwa mwenye filamu hakumfunga kamba. Aidha, hakuna anayesimulia waliulizwa kwa lugha gani. "Umeona nini?" si swali sawa na "Umefundishwa nini?" Mwanakijiji mwenye adabu, akiulizwa la kwanza, hujibu la kwanza.

Ni muhimu kuikumbuka habari hii mtu anapoitazama filamu ya Werner Herzog ya mwaka 1969 juu ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, wale wa shirika la AMREF lililoasisiwa mwaka 1957. Herzog ni miongoni mwa mabingwa wa sinema ya Ulaya, ingawa mwenyewe aliihesabu kazi hii kuwa ripoti kuliko sanaa. Sehemu ya filamu hiyo inayokumbukwa zaidi si ndege wala upasuaji. Ni ile ya mabango ya elimu ya afya: watu wanaonyeshwa mchoro wa jicho la mwanadamu, nao hawautambui, bango likiwekwa kichwa chini, wengi hawawezi kulichagua. Herzog hawacheki. Anachokisema, kwa jumla, ni kwamba hawa wanaona kwa namna nyingine, na kwamba sisi tuliodhani kuona ni jambo moja kwa watu wote tulikosea. Ni maneno ya heshima, na yanampandisha juu ya Sellers.

Hata hivyo ni heshima itolewayo kwa mtu asiyeulizwa. Mwanafunzi wa isimu wa Nyeri akiitazama sehemu hiyo leo, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni namna swali lilivyotamkwa. Mtu akionyeshwa karatasi kubwa yenye mchoro akaulizwa "Hii ni nini?", jibu la kweli kabisa ni "karatasi". Katika Kiswahili jicho ni kiungo cha mwili, lakini pia ni chemchemi, pia ni husuda. Na jicho lisilo na uso, lenye ukubwa wa sinia, si jicho la mtu yeyote aliyepata kuonekana. Herzog alitambua kwamba kuna namna nyingi za kuona. Hakufika kwenye namna nyingi za kuuliza. Kwa kuwa filamu hii hupatikana kwa maandishi ya Kiingereza yanayofuata maneno ya msimulizi, kila mtazamaji mpya huipokea hukumu ile ile, na ushahidi wa upande wa pili unabaki humo ndani ya ukanda, ukisubiri sikio.

Pasolini naye alifika. Appunti per un'Orestiade africana, ya mwaka 1970, ni daftari la maandalizi ya filamu ambayo haikutengenezwa. Pasolini anazunguka Tanzania na Uganda akitafuta nyuso za kuchezea tamthilia za Aeschylus: nani atakuwa Agamemnoni, nani Klitemnestra. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anakifanya hekalu la Apolo. Ngoma ya Wagogo anaifanya mfano wa yale mazimwi ya kisasi yanapogeuka kuwa miungu wema. Kisha, na hapa ndipo penye ukubwa wake, anaipeleka kazi yake mbele ya wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma na kuwaacha waikosoe huku kamera ikizunguka. Wanafunzi hao wanamkumbusha kwamba Afrika ni bara, si taifa moja, na kwamba hadithi moja ya Kigiriki haiwezi kuvikwa bara zima kama kanzu. Pasolini hakuyakata maneno hayo. Ni watengenezaji wachache wa filamu, wa rangi yoyote, ambao wangefanya vile.

Lakini mtu alinganishe. Mwaka 1969, katika kipindi hicho hicho, Mwalimu Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, baada ya Juliasi Kaizari ya mwaka 1963. Naye pia alikuwa akiichukua tamthilia ya Ulaya na kuileta Tanzania. Tofauti ni kwamba Nyerere aliileta ndani ya Kiswahili, na kwa hiyo Shakespeare akalazimika kufuata ngeli, kukubali methali, kupumua kwa mizani ya lugha nyingine. Pasolini aliwaleta Wagiriki katika nyuso za watu na kuiacha lugha yao nje. Wachuuzi wa Kigoma wanageuka kuwa wafalme wa Argos bila kujua, na sauti isikikayo juu yao ni ya Pasolini kwa Kitaliano, au ni muziki wa saksafoni ya Gato Barbieri. Wanafunzi waliopewa nafasi ya kusema ni wale waliojua lugha za Ulaya. Mchuuzi hakupewa.

Lugha ya jikoni

Kwa msomaji wa miji ya Mlima Kenya, filamu zinazogusa zaidi ni zile za vita vya uhuru. Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst mwaka 1955, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa katika studio za Pinewood, na mandhari yake ikapigwa Kenya. Ni filamu ya biashara, lakini ina ustadi. Mwanzo wake, ambapo mwendesha baiskeli anamkuta Mzungu aliyejeruhiwa na kummaliza kwa panga, umetungwa kwa ukimya ambao mwongozaji yeyote angeuonea fahari. Na Dokta Karanja, anayechezwa na Earl Cameron, amepewa heshima ambayo si kawaida katika filamu za wakati ule. Walakini, kichwa chenyewe cha filamu kinatosha kumshangaza mwenyeji. Hadithi ni ya Wagĩkũyũ, ambao kwao mnyama huyo ni mũrũthi. Cameron alizaliwa Bermuda. Orlando Martins, anayecheza kuwa baba yake, alitoka Lagos. Hakuna kati yao aliyelelewa akisikia Kigĩkũyũ. Waingereza waliotengeneza filamu hii mwaka 1955, wakati Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado inaendelea, waliona umuhimu wa kupata milima ya kweli, na hawakuona umuhimu wa kupata lugha ya kweli.

Miaka 32 baadaye Harry Hook alitengeneza The Kitchen Toto, na tofauti ni kubwa. Hook alikulia Kenya. Hadithi yake ni ya mwaka 1950: Mwangi, mvulana mwenye baba mchungaji wa Kigĩkũyũ aliyeuawa kwa kukikataa kiapo, anachukuliwa na mkuu wa polisi Mwingereza, John Graham, awe mtumishi wa jikoni. Edwin Mahinda, aliyemcheza Mwangi, hunyamaza kuliko anavyosema, na ukimya wake ndio uti wa filamu. Mtoto huyu anaishi kati ya lugha tatu. Kigĩkũyũ ni cha mama yake na cha marehemu baba yake, na pia cha wale wanaomlazimisha kula kiapo usiku. Kiingereza ni cha sebuleni. Na kati ya sebule na jiko ipo lugha ya tatu, ambayo jina la filamu limetolewa humo.

Lugha hiyo ni Kisetla. Wanaisimu wanaijua vizuri, na Anthony Vitale aliichambua katika makala yake ya mwaka 1980. Ni Kiswahili kilichovuliwa upatanisho wa ngeli na viambishi vya nafsi: mimi taka mahali pa ninataka, kwisha ikibeba kazi yote ya wakati uliotimia. Haikuwa lugha ya mtu ajifunzaye, kwa maana ajifunzaye huendelea mbele. Walowezi wengi waliokaa miaka 30 hawakuendelea, kwa sababu hawakuhitaji. Ilikuwa lugha ya kuamuru, na amri haihitaji ngeli. Boi, memsabu, toto, lete, toka: hayo yalitosha kuendesha nyumba na shamba zima kuanzia Thika hadi Nanyuki.

Hapa filamu ya Hook ina utajiri ambao hifadhi haiwezi kuuona. Mtazamaji wa Ulaya, akisoma maandishi ya chini ya picha, hupata maana ya amri na kukosa sura yake. Hajui kwamba bwana anasema vibaya na mtumwa anaelewa vizuri. Hajui wakati gani mtumishi anamjibu bwana kwa Kisetla chake, ama kwa hofu, ama kwa dhihaka iliyofichwa, na wakati gani anasema Kiswahili kilichonyooka na watumishi wenzake wasiokuwa Wagĩkũyũ. Mwanafunzi wa Nyeri huyajua yote hayo bila kufundishwa. Bibi yake alikuwa na majina ya kuigiza Kiswahili cha Wazungu, na familia nzima ilicheka.

Jambo zito kuliko hilo ni kiapo. Katika karibu filamu zote za Kizungu juu ya vita hivyo kiapo ni usiku, ni moto, ni damu ya mbuzi, ni nyuso zenye jasho. Kwa Kigĩkũyũ kiapo ni mũma, na mũma ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la damu. Kinachomfunga mtu ni maneno aliyoyatamka mbele ya mashahidi, na neno moja likikosewa, kifungo si kile kile. Baba yake Mwangi hakufa kwa kuchukia damu. Alikuwa mhubiri, mtu wa neno, naye alijua kwamba mwenye kutamka amefungwa. Filamu ikionyesha kiapo bila maneno yake kueleweka, huondoa sababu na kuacha kitisho. Hook alijaribu kuuonyesha mzigo huo kupitia uso wa mtoto, na alifaulu kwa kiasi kikubwa. Lakini mtazamaji asiyejua lugha anaombwa auamini uso tu.

Kinyume chake ni filamu ya Meena Nanji na Zippy Kimundu ya mwaka 2023, Our Land, Our Freedom, inayomfuata Wanjugũ, binti wa Dedan Kĩmathi, katika kuyatafuta mabaki ya baba yake aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Humo wazee wanasema kwa lugha yao na kusikilizwa hadi mwisho wa sentensi. Mjane wa Kĩmathi, Mũkami, alifariki Mei 2023. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 Hali ya Hatari ilipotangazwa alizaliwa mwaka 1937. Hesabu hiyo haina haja ya kufafanuliwa kwa idara yoyote yenye kinasa sauti. Katika filamu za habari za miaka ile, zilizomo katika YouTube kwa wingi, wamo watu wanaopita mbele ya kamera wakisema, wakiimba, wakijibu askari. Mara nyingi sauti yao imefunikwa na mtangazaji wa London; mara nyingine haikufunikwa. Wako bado, Tetu, Mathira na Othaya, watu wachache wawezao kusema huyu ni nani, hapa ni wapi, na wimbo ule ulikuwa na maana gani.

Itadaiwa kwamba hadhira ya mashambani haina haja na filamu za aina hii, kwamba inapenda mapigano na vichekesho. Dai hili ni Sellers amevaa suti mpya. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, Titanic ikiwamo, na watu wakazifuata. Kenya, DJ Afro ameziingiza filamu za kigeni katika vijiji na matatu kwa Kiswahili chake cha mitaani, chenye mizaha ambayo mwenye filamu hakuiota. Katika miji ya Mlima Kenya kwenyewe, vichekesho vya Kigĩkũyũ vya Machang'i na Kĩhenjo vilinunuliwa na watu ambao hawajawahi kuitwa wapenzi wa sinema. Kinachovutia katika hayo yote ni sauti inayosema na mtazamaji kwa lugha yake. Filamu za Bergman, De Sica na Pasolini zimefika Nyeri zikiwa na maandishi ya Kiingereza. Ya Kiswahili ni adimu mno, na ya Kigĩkũyũ ni adimu zaidi. Mtu anayeibiwa baiskeli ndiyo kwanza amepata kazi, akahangaika mji mzima na mwanawe akiitafuta, haelezwi kwa taabu katika soko la Karatina. Taabu ni kwamba mpaka sasa ameelezwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo zipo kazi mbili ambazo idara za lugha zingeweza kuzianza bila kungoja fedha nyingi. Moja ni kuandika maneno ya Kiswahili na ya Kigĩkũyũ yaliyomo katika filamu za hifadhi, kwa dakika na sekunde zake, pamoja na tafsiri, na kuwapa wenye hifadhi wayaunganishe na orodha zao. Ya pili ni kutafsiri maandishi ya filamu za Ulaya zenyewe. Kazi hizi mbili zinahusiana kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mfasiri aliyezoea kusikiliza jinsi mwenyeji anavyosema ndani ya filamu ya kigeni ndiye atakayejua kumpa Mtaliano wa De Sica Kiswahili cha mtu asiye na kazi, badala ya Kiswahili cha taarifa ya habari.

Taabu za tafsiri hazitakosekana, na mojawapo inaanzia katika kichwa cha filamu ya Hook. Mfasiri mwangalifu angeweza kuandika Mtoto wa Jikoni, akarudisha kiambishi kilichodondoshwa na walowezi. Angekuwa amesahihisha sarufi na kufuta ushahidi, kwani kuidondosha m- ile ndiko kulikomtoa Mwangi katika ngeli ya watu. Akiiacha toto kama ilivyo, Kiswahili hakitakubali ibaki bila upatanisho. Itaingia katika ngeli ya ji- na ma-, iwe Toto la Jikoni, na hapo neno litapata maana ya ukubwa au ya kebehi, au hata ya mapenzi kama mama amwitavyo mwanawe mnene. Memsabu aliyeita "toto" kutoka sebuleni hakukusudia lolote kati ya hayo matatu. Mpishi aliyekuwa jikoni, na aliyekijua Kiswahili, aliyasikia yote.